Marehemu Royce Tharp na Bwawa Aliloliita Ziwa

Ndugu, jamaa na majirani wa Kanisa la Mlima Gileadi, poleni na karibuni. Familia imemwomba Bi. Nelda Tharp Coggins, dada pekee wa marehemu, aandike maisha ya kaka yake na kuyasoma hapa kaburini. Wangeweza kumwomba mtu mwingine mwenye ulimi laini. Hawakufanya hivyo, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Marehemu Royce Dabney Tharp alizaliwa tarehe 9 Agosti 1946 huko Pellum Hollow, nje kidogo ya mji wa Duvall, Mississippi, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa marehemu Mzee Ottis Tharp na marehemu Mama Velma. Alizaliwa na ratili kumi kamili, jambo alilolitaja maisha yake yote kana kwamba kazi ile aliifanya yeye na si Mama. Mama hakumsahihisha. Huko ndiko mambo yalikoanza kuharibika.

Alikuwa mtoto mwenye bidii katika jambo moja tu. Mvua ikinyesha, alikimbilia mtaro uliopita kando ya nyumba, akarundika tope jekundu na vijiti, akayazuia maji mpaka yakawa kidimbwi cha kuogeshea bata. Dada yake, mdogo kwake kwa miaka mitatu, alipewa cheo chake mapema.

"Nelda, we kaa huko chini. Maji yakifika, niambie."

Naye alikaa chini, amepakata mdoli wake wa nguo, akingoja. Tope lilipoachia, maji yalimjia yote, mdoli ukaelea, naye akapiga kelele, "Royce! Yamefika!" Kaka yake alicheka mpaka akagaragara. Mama Velma aliwachapa wote wawili, mmoja kwa kufanya na mwingine kwa kukubali. Familia inalikumbuka jambo hili kwa upendo, na pia kwa sababu baadaye lilirudi likiwa limekua.

Marehemu alisoma shule ya msingi ya Pellum, ambayo siku hizi ni ghala la nyasi kavu, kisha sekondari ya Duvall, alikomaliza mwezi Mei 1964. Hakuwa mjinga. Alikuwa mvivu wa kusikia. Aliichezea timu ya shule ya mpira wa kubebwa mikononi, katika safu ya mbele, ambako kazi ya mchezaji ni kusimama na kuzuia wengine wasipite, na tuseme haki, kazi hiyo aliiweza. Baadaye alikwenda chuo cha kilimo, akakaa mwaka mmoja na nusu, akarudi nyumbani akisema walimu wa kule hawana la kumfundisha. Kwa habari zilizotufikia, walimu nao walikuwa wamefikia uamuzi huo huo.

Mwaka 1968 alianza kuuza nyumba za bati, zile zinazovutwa na lori na kushushwa popote, hapo barabara kuu ya Duvall, na kazi hiyo aliifanya mpaka alipostaafu mwaka 2002. Alikuwa na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. Wengine wenu mliosimama hapa mnaishi ndani ya ulimi huo mpaka leo, na mvua ikinyesha mnajua pa kutegea ndoo.

Tarehe 12 Juni 1971 alifunga ndoa na Bi. Charlene Botts katika kanisa hili hili. Bwana harusi alichelewa kwa sababu alipita mtoni kuangalia ndoano zake, na picha zote za siku ile zinamwonyesha akiwa na tope kwenye kiatu cha kushoto. Walijaliwa mtoto mmoja, Brent, mwaka 1975. Kuhusu subira ya Charlene kuna mengi ya kusema, lakini yupo hapa na hapendi kusifiwa, kwa hiyo wifi yake anamvulia kofia kimyakimya na kuendelea.

Sasa tufike kwenye bwawa, maana hamkuja wengi hivi kwa ajili ya nyumba za bati.

Mzee Ottis alipofariki mwaka 1983, shamba liligawanywa. Royce akapata sehemu ya juu. Nelda na mumewe, marehemu Doyle Coggins, wakapata sehemu ya chini yenye nyumba ya wazazi. Kijito cha Tockwa kilipita kwa wote wawili kama Mungu alivyokipanga, lakini Mungu hakuwa ameomba ushauri wa Royce. Kiangazi cha 1985 marehemu alikodi tingatinga, akafyeka msitu wa bondeni, akasukuma udongo mwekundu kutoka kilima hiki hadi kile, akakifunga kijito kama mtu anayefunga gunia. Kufikia masika ya 1986 alikuwa na bwawa. Halikuwa la kunywesha ng'ombe, maana ng'ombe hakuwa nao. Halikuwa la kumwagilia, maana hakuwahi kupanda hata kitunguu. Lilikuwa la starehe. Akajenga kibanda cha kukalia, akaweka benchi juu ya ukuta, akachomeka bango barabarani: ZIWA ROYCE.

Waombolezaji, ziwa ni kitu kingine. Mwaka 1988 marehemu alinunua boti ya injini, ya kumvuta mtu anayeteleza juu ya maji kwa mbao miguuni. Tatizo ni kwamba boti ilipoanza tu kupata kasi, ng'ambo ilikuwa imeshafika. Binamu Wendell alivutwa mara moja. Kabla hajanyooka vizuri alikuwa amejaa kwenye matope ya upande wa pili, na meno yake mawili yako huko mpaka leo. Boti ikafunikwa turubai, nyigu wakahamia, na Royce akageukia samaki.

Kanisa la Mlima Gileadi lilikuwa likibatiza watu katika Kijito cha Tockwa, kwenye kina kilicho chini ya mkuyu mkubwa, tangu kabla babu zetu hawajaota meno. Baada ya ukuta kujengwa, kina kile kilikuwa kikikauka kila ifikapo Juni. Mchungaji Purvis, wakati huo kijana mwenye nywele, alipanda kwa Royce kofia mkononi kuomba bwawa Jumapili moja tu kwa mwaka.

"Mchungaji, nakuheshimu sana," Royce alisema. "Ila mtanitishia samaki."

"Ndugu Royce, Bwana wetu mwenyewe alikuwa rafiki wa wavuvi."

"Rafiki, sawa. Lakini hakuwaogea kwenye nyavu zao."

Basi kanisa likanunua hori la bati, lile la kunyweshea ng'ombe, likawekwa nyuma ya jiko la kanisa. Doyle Coggins, mtu wa miraba minne, alibatizwa humo Agosti 1990. Kiwiliwili kilipozama, magoti yalibaki nje. Magoti yalipozamishwa, kichwa kikaibuka. Mchungaji alitumia nguvu zake zote, kisha akasema Mungu anajua kujumlisha. Doyle alizikwa hapa mwaka 2011 akiwa bado na wasiwasi juu ya magoti yake, na mkewe hajamsamehe aliyemtia wasiwasi huo.

Kila bwawa la udongo huwa na mlango wa pembeni, mfereji wa kupitisha maji mvua inapozidi, ili yasipande juu ya ukuta na kuula. Bwawa la Royce lilikuwa nao. Lakini alikuwa na samaki wa mdomo mpana aliowalisha kwa mkono na kuwapa majina, na kila mvua kubwa ilipokuja, wachache walitorokea kwenye mfereji ule. Kwa akili yake, alikuwa anaibiwa. Akauziba mfereji kwa wavu wa waya wenye matundu madogo kama ya banda la kuku. Samaki hawakupita tena. Majani nayo hayakupita, wala matawi, wala viti vya plastiki vya wale mabwana wa kutoka mjini Jackson aliokuwa akiwaalika kuvua, ambao wamesimama pale nyuma na miwani yao ya jua. Karibuni, mabwana. Leo hakuna kuvua.

Nelda alipanda kumwona.

"Royce, toa huo waya."

"Samaki wangu wataondoka."

"Na maji yaende wapi?"

"Nelda, mimi nimejenga ukuta. Wewe umejenga nini?"

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakuwahi kukutana na mtu aliyejenga ukuta kisha akaziba mlango wake.

Mwezi Mei 2003 mvua ilinyesha siku kadhaa bila kupumua. Majani yaliujaa waya, maji yakakosa pa kupita, yakapanda, yakamwagika juu ya ukuta na kushuka bondeni. Nelda aliamka akakanyaga maji. Akainua simu.

"Royce, yamefika."

"Yamefika wapi?"

"Jikoni kwangu. Yako chini ya friji."

Dada mtu alidhani kaka yake anatafuta maneno ya kuomba radhi.

"Kuna samaki wowote wamepita?" Royce akauliza.

Alikuja baada ya muda mfupi na ndoo mbili. Doyle, aliyekuwa na roho nzuri kupita kiasi, akasogea kumpisha mlangoni, akidhani ndoo ni za kuchotea maji jikoni. Royce alipitiliza hadi shambani, akaanza kuokota samaki kati ya mistari ya maharage, akiwaita kwa majina. Aliwapata wengi. Mmoja hakumpata, mkubwa kuliko wote, aliyeitwa Jenerali, na kwa muda mrefu aliwatilia shaka majirani. Leo familia inaweza kuwasafisha majirani. Jenerali alipakwa unga wa mahindi akakaangwa kwenye kikaango cha Mama Velma asubuhi ile ile, ndoo zikiwa bado shambani, na alikuwa mtamu.

Ukuta ulitafunwa lakini haukuanguka. Royce akaongeza udongo juu, akapanda nyasi, akaurudisha waya.

Mwaka 2014 marehemu alianza kuugua moyo. Moyo ulishindwa kusukuma vizuri, na maji yakamjaa miguuni. Daktari wa Duvall alimpa vidonge vya kuyatoa, naye akawa anameza nusu, akisema vinamwamsha usiku bure. Mtu yule hakupenda maji yatoke popote. Dada yake alimpelekea mkate wa mahindi uliovunjwavunjwa ndani ya maziwa ya mgando, chakula cha utoto wao, akamlisha kwa kijiko mikono yake ilipoanza kutetemeka. Siku moja alimbonyeza mguu kwa kidole, na shimo likabaki pale pale kwenye nyama, halikurudi. Nelda alitoka nje akalia. Ieleweke vizuri, maana waliomsikiliza mpaka hapa wanaweza kukosea: alimpenda kaka yake. Alimdharau pia, na kazi zote mbili alizifanya kwa moyo wake wote.

Mazungumzo yao ya mwisho yalikuwa mwezi uliopita, mvua ikipiga paa.

"Nimemwambia Brent anizike juu ya ukuta," Royce alisema. "Pale kwenye benchi. Niwe nayaangalia maji."

"Na mimi niliye chini, Royce?"

Akatabasamu, tabasamu lile lile la mtaroni. "Wewe kazi yako si unaijua? Yakifika, niambie."

Marehemu Royce Tharp alifariki nyumbani kwake Jumanne, tarehe 6 Machi 2018, akiwa na umri wa miaka sabini na moja, kwenye kiti chake cha kuegemea, uso umeelekea bwawani. Charlene alimfumba macho. Hakuumia, na kwa hilo tunamshukuru Mungu.

Mngekuwa mnarudi nyumbani sasa kama mambo yangeishia hapo. Lakini Alhamisi Brent alitimiza neno la baba yake. Mashine ya kuchimbia ilipanda juu ya ukuta, ikaliondoa benchi, ikachimba kaburi. Fikirini, ndugu. Mvua za wiki mbili zimelijaza bwawa pomoni, waya umezibwa na majani, na watu wazima wanachimba shimo la kimo cha mtu ndani ya kitu pekee kinachowazuilia maji majirani zao. Wanaume walisimama pale na vikombe vya kahawa wakibishana jambo moja tu: kichwa cha marehemu kielekee mashariki kama Wakristo wengine, au kielekee kwenye maji. Hakuna hata mmoja aliyeangalia nyumba iliyo chini. Mnajijua, na baadhi yenu ndio mliobeba jeneza.

Ijumaa asubuhi kaburi lilikuwa na maji ya kufika magotini. Na nyuma ya banda la kuku la Nelda, chini kabisa ya ukuta, palikuwa pamefunguka chemchemi ambayo haikuwepo jana yake, ikitoa maji mekundu. Ukuta wa udongo ukivuja maji safi, unatoka jasho. Ukivuja tope, ni ukuta wenyewe unaondoka.

Nelda alipanda kilima akiwa na nguo ya kulalia na mabuti ya Doyle, akaingia jikoni kwa Charlene. Meza ilikuwa imejaa vyakula vya msiba, kuku wa kukaanga, saladi ya viazi, maharage ya siagi, na wapwa wa Charlene walikuwa wanakula kana kwamba msiba wenyewe ulikuwa wa njaa.

"Brent, mwanangu, fukia lile shimo."

"Shangazi, ni neno la marehemu. Nilimwahidi."

"Na mimi umeniahidi nini?"

"Tutatia pampu kaburini. Tutaiacha inavuta mpaka ibada iishe."

"Halafu? Ibada ikiisha unaizima, na baba yako anaogelea?"

"Shangazi, jamani. Baba hakuomba kitu kingine."

"Hakuomba kwa sababu vingine vyote alichukua. Njoo nyumbani kwangu, uangalie nyuma ya banda la kuku, kisha uniambie nilale wapi leo."

Mtu mzima yule, mwenye ndevu zenye mvi, akaanza kulia. Jikoni hakuna aliyetafuna. Charlene, ambaye hakuwa amesema neno tangu Jumanne, akaweka bakuli chini.

"Brent," akasema, "baba yako amekaa juu ya watu vya kutosha. Nenda kafukie."

"Sasa nitamzika wapi, Mama?"

Hapo Nelda ndiye aliyejibu. Hapa Mlima Gileadi, kati ya Mama Velma na Doyle Coggins, palikuwa na nafasi moja, na kila mtu anajua ilikuwa ya nani. Aliipalilia mwenyewe kila Mei, siku ile tunapokuja wote na majembe na vikapu vya chakula kusafisha makaburi. Alishazoea kuitazama na kuwaza kwamba mwisho wa yote angelala pale, mama yake huku na mumewe huku. Akasema, "Kwa Mama." Akatoka kabla hajabadili mawazo.

Kwa hiyo leo, Jumamosi tarehe 10 Machi 2018, tunamlaza Royce pale. Upande mmoja atakuwa na Mama, aliyepaswa kumsahihisha mapema. Upande wa pili atakuwa na magoti ya Doyle, na wamalizane huko. Nelda atatafutiwa mahali pengine siku yake ikifika. Mzee wa makaburi amesema nafasi zilizobaki ziko chini kidogo, mteremkoni. Nelda amezoea.

Jana Brent alilifukia shimo, akaukata waya kwa mikono yake mwenyewe, na chemchemi ya nyuma ya banda la kuku imepungua ingawa haijakoma. Alisema pia, mbele ya mama yake na bakuli la saladi, kwamba kuanzia Jumatatu maji yatashushwa polepole kwa pampu, na bwawa likishakuwa chini ukuta utakatwa, ili Kijito cha Tockwa kipite kama zamani. Jikoni watu husema mengi. Ndiyo maana neno hilo limechapishwa hapa, chini ya picha ya marehemu na samaki wake, na kila mmoja wenu ana nakala mkononi. Brent, mwanangu, simama kidogo watu wakuone. Asante. Kaa.

Marehemu ameacha mjane, Bi. Charlene, mwana, Brent, na mkewe Tammy, wajukuu wawili, Kaylee na Dalton, dada mmoja, Nelda, binamu Wendell, aliyepungukiwa meno, na samaki wasiojulikana idadi, ambao mnakaribishwa kuja kuwala hapa uwanjani mwa kanisa maji yakishuka. Hori la bati litarudishwa kwa ng'ombe. Mchungaji Purvis ameshaanza kuuliza habari za kina cha mkuyu, na tayari kuna watu watatu wanaongoja kubatizwa, mmoja wao mrefu sana.

Bwana ampe kaka yetu pumziko la amani, na sisi wa bondeni atupe usingizi. Siku ukuta utakapokatwa, Nelda atakuwa huko chini, amekaa, kama alivyoagizwa. Maji yakifika, Royce, utaambiwa.